Kuchagua kabini na kuendelea kupatikana kwa simu kwenye boti ya kupiga mbizi Bahari ya Shamu, hatua kwa hatua

Kama umezoea kupiga mbizi Mnemba, Mafia, Watamu au Diani basi unajua utaratibu wetu, asubuhi unapanda boti, daivu mbili, saa nane uko nyumbani unakula wali. Boti za Misri ni habari nyingine kabisa. Unapandia Hurghada au Port Ghalib, mnakaa humo humo wiki nzima, mnalala humo, mnakula humo, wageni ishirini na kitu ambao wengi hamjuani, na huko mnakopelekwa hakuna hoteli wala duka wala mnara wa simu wa kutegemea. Jamaa walioko Dubai, Muscat na Ulaya ndo wanaoulizia sana hizi safari manake kwao ni ndege fupi tu, na maswali huwa ni mawili, nichukue kabini ipi na nyumbani watanipataje. Watu huyaona kama maswali ya starehe, kitanda kizuri na wifi. Mimi naona yote mawili ni swali la siku mambo yakiharibika, ukishapanga kwa ajili ya siku hiyo, starehe inakuja yenyewe.

1. Anza na njia, kabini baadaye

Njia ya kaskazini, ile ya meli zilizozama, Abu Nuhas (mwamba wenye meli kadhaa zilizozama) na Thistlegorm (meli ya mizigo ya Waingereza iliyopigwa bomu na ndege za Wajerumani mwaka 1941), muda mwingi mnajificha nyuma ya miamba na nchi kavu haiko mbali, usiku mnalala pametulia na simu mara nyingine inashika. Njia ya Brothers, Daedalus na mwamba wa Elphinstone ni bahari wazi. Brothers ni visiwa viwili vidogo zaidi ya kilomita 60 kutoka pwani, na Daedalus iko mbali zaidi, ni mwamba na mnara wa taa basi. Kule ndo kuna papa wakubwa, papa nyundo, papa mkia mrefu, na ndo maana wanataka uwe na daivu 50 kwenye logibuku (daftari la mbizi zako) kabla hawajakupeleka.

Sasa upepo wa kule karibu mwaka mzima unatoka kaskazini. Ukitokea Hurghada kwenda Brothers upepo unakusukuma, kurudi unapigana nao usiku kucha. Ukitokea Port Ghalib, iliyoko kusini, ni kinyume, unaanza na mapambano usiku wa kwanza kabla hata tumbo halijazoea. Kwahiyo kama wewe ni mtu wa kulewa mawimbi, njia inakuhusu kuliko rangi ya mapazia. Mtu anayekwenda kaskazini anaweza kuchukua kabini yoyote akalala vizuri tu, mtu wa Brothers lazima afikirie.

2. Omba ramani ya boti, siyo picha

Picha za kabini zote zinafanana, kitanda cheupe na taulo limekunjwa umbo la bata. Unachotaka ni mchoro wa kila sitaha (ghorofa ya boti) unaoonyesha namba za kabini, ngazi, chumba cha injini, kompresa (mashine ya kujaza hewa mitungi), na milango ya kutokea. Wakikwambia hawana, waambie wakuchoree hata kwa kalamu wapige picha. Wakala anayeshindwa kukutumia mchoro wa boti anayoiuza mimi simlipi.

Ukishaupata, soma hivi:

Sitaha ya chini ndo yenye kabini nyingi na ndo bei rahisi. Kule chini katikati ya boti ndo panapocheza kidogo kuliko sehemu yoyote, mabaharia wanajua hilo siku zote. Ila ukisogea tezini (nyuma) unakaribia injini na jenereta, na jenereta haizimwi, inaendesha AC na friji usiku na mchana, unasikia mtetemo hadi kwenye meno, na upepo ukitoka nyuma harufu ya dizeli inaingia. Ukisogea omoni (mbele) unapata mawimbi yanayopiga chini ya kichwa chako, boti inanyanyuka inashuka, na alfajiri wanapong'oa nanga mnyororo unapita ukutani mwako kama mtu anamwaga kokoto juu ya bati, unashtuka umekaa kitandani hujui uko wapi. Kidirisha cha kule chini ni cha mviringo na hakifunguki, kwahiyo AC ikigoma huna hewa.

Sitaha kuu kwa kawaida ndo ina sebule, sehemu ya kula na uwanja wa kuvalia vifaa, na baadhi ya boti zina kabini mbili tatu hapo. Ukipata hiyo una bahati, tatizo lake ni kompresa, kila baada ya daivu wanajaza mitungi na inaunguruma muda mrefu, na saa kumi na moja na nusu asubuhi watu wanapita mlangoni kwako kwenda kunywa chai.

Sitaha ya juu ina madirisha ya kweli, mwanga, hewa, na bei kubwa. Ubaya wake ni kwamba boti ikilala upande, aliye juu anasafiri mbali zaidi kuliko aliye chini, na mwenye tumbo jepesi atalia. Vidonge vya kichefuchefu meza kabla boti haijatoka bandarini, ukisubiri mpaka uanze kutapika umechelewa, na muulize daktari wako kama dawa hiyo inaruhusiwa na kupiga mbizi maana nyingine zinaleta usingizi.

3. Sasa angalia mlango, hapa usikimbie

Mpaka hapo nimeongea usingizi. Lakini kitu ambacho mimi kinaniamulia kabini ni njia ya kutokea.

Tarehe 2 Septemba 2019 boti ya wapiga mbizi ya Conception iliungua usiku kule California. Abiria wote 33 na mfanyakazi mmoja walikuwa wamelala chini, wote 34 wakafa. Njia za kutokea zilikuwa mbili, ngazi na tundu la dharura, ila zote zilikuwa zinatokea chumba kimoja cha juu, na chumba hicho ndo kilikuwa kinawaka. Wachunguzi walisema pia hakukuwa na mlinzi wa kuzunguka usiku. Halafu tarehe 25 Novemba 2024 boti ya Sea Story, iliyotoka Port Ghalib, ikapinduka alfajiri karibu na mji wa Marsa Alam watu wakiwa kwenye kabini zao, 11 walikufa au hawakuonekana tena, na kuna waliokwama ndani wakatolewa hai siku ya pili yake. Mwaka uliotangulia, Juni 2023, boti nyingine ya Hurricane iliungua eneo hilo hilo Waingereza watatu wakafa. Sikutajii haya nikutishe usiende, boti zinatoka kila wiki na watu wanarudi wakiwa wamechomwa na jua tu, nakutajia ili ujue maswali gani ya kumuuliza wakala na uulize kwa maandishi:

- Sitaha ya chini ina njia ngapi za kutokea, na kila moja inatokea wapi? Kama mbili zinatokea sehemu moja, hesabu moja.
- Tundu la dharura liko korido au liko ndani ya kabini ya mtu? Kwenye baadhi ya boti liko ndani ya kabini ya omoni, juu ya kitanda, na mwenye kabini akijifungia usiku watu wote wa chini wamekosa njia.
- Usiku kuna mtu yuko macho anazunguka? Siyo nahodha aliyeko kwenye usukani, mtu wa kuzunguka.
- Ving'ora vya moshi viko kwenye kila kabini?

Wakala akikujibu "usijali ndugu boti yetu ni salama", hilo siyo jibu.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi, na ni maoni yangu, pesa ikiruhusu chukua sitaha kuu au ya juu hata kama inacheza zaidi, vidonge vipo. Pesa isiporuhusu chukua chini katikati, kabini iliyo karibu kabisa na ngazi, achana na ya tezini mwisho wa korido hata wakikupa punguzo. Watu wanachagua ya mwisho wa korido kwa sababu haipitwi na watu, ndo hiyo hiyo iliyo mbali na ngazi.

4. Wa kulala naye

Ukienda peke yako wengi watakuweka na mtu wa jinsia yako, au ulipe nyongeza ukae mwenyewe, na nyongeza siyo ndogo, mara nyingi ni nusu ya bei au zaidi. Dada zangu ulizeni mapema kabisa, kama wanawake hawajatimia boti nyingine zinataka kukuchanganya na mwanamme, pata jibu kabla hujalipa. Mwambieni pia wakala kama mnataka vitanda viwili, maana akina kaka wawili marafiki kutoka Mombasa kukuta kitanda kimoja kikubwa kimewekewa maua, hiyo hutokea.

Mabegi magumu acha nyumbani, hayana pa kukaa, chukua begi la kukunjika. Na karatasi ya chooni haiingii chooni inaingia kwenye ndoo, watakwambia siku ya kwanza, wewe sikia.

5. Siku ya kupanda, kabla hujafungua begi

Weka begi kitandani usilifungue. Toka mlangoni kwako, hesabu milango mpaka kwenye ngazi kwa kugusa ukuta kwa mkono, rudi, fanya tena umefumba macho. Watakucheka, waache. Nenda kwenye tundu la dharura, panda mwenyewe, sukuma mfuniko ufunguke kwa mkono wako, siyo uonyeshwe kwa kidole. Kama umerundikiwa magodoro juu au umefungwa kufuli, mwambie kiongozi wa mbizi hapo hapo mbele za watu, saa hiyo boti bado iko bandarini na kila mtu anasikiliza. Jaketi okozi liko wapi, livae mara moja uone kamba zake. Usiku simu, tochi ndogo na viatu vya kuvaa haraka vikae sehemu moja, pasipoti kwenye mfuko wa nailoni karibu navyo (kwenye boti nyingine wanakusanya pasipoti zote, basi baki na picha yake kwenye simu).

Chaji usifanye kabini, hasa usiku. Betri za tochi, kamera, pawabenki, zote ni lithiamu, chajia sehemu waliyoitenga juu ambapo watu wanapita, na chomoa kabla hujalala.

6. Simu: nunua laini ukiwa nchi kavu na ujue itaishia wapi

Laini ya Vodafone, Orange, e& (zamani Etisalat) au WE unaipata uwanja wa ndege ukionyesha pasipoti, au eSIM ukaiweka ukiwa bado nyumbani kama simu yako inakubali. Bandarini na njia ya kaskazini itakusaidia. Baharini kabisa usiihesabu. Ikishapotea weka simu kwenye hali ya ndege, manake ikiachwa inatafuta mnara usiku kucha na asubuhi betri imeisha.

Jambo la pili ambalo watu wetu linawachanganya, simu za WhatsApp kule Misri mara nyingi hazishiki, zinaita zinakatika au hazina sauti. Meseji za maandishi na za sauti zinakwenda. Waambie nyumbani kabla, la sivyo mama anapiga mara kumi haipati anaanza kuita majirani.

Na ile "wifi bure" kwenye tangazo, uliza swali moja tu, inashika Daedalus au inashika bandarini? Boti nyingi wifi yao ni ruta yenye laini ya simu ndani, ukitoka nje ya mnara inabaki taa tu. Zipo zenye setilaiti kweli ila uliza bei, uliza spidi, na usiifanye ndo mpango wako mkuu. Usijichukulie tu simu ya setilaiti yako mwenyewe ukaingia nayo Misri, bila kibali wanaweza kukushika nayo uwanjani, hivo hivo droni.

Kabla hujaondoka maliza mambo ya pesa. Mchango wa kikoba, ada, kodi ya nyumba, tuma mapema. Kama benki yako inatuma namba za siri kwa meseji, washa rominigi ya laini ya nyumbani ukiwa bado nyumbani, ukishafika Hurghada kuiwasha ni shughuli. M-Pesa baharini sahau.

Saa nazo: Misri wanabadilisha saa. Kuanzia mwisho wa Aprili mpaka mwisho wa Oktoba wako sawa na sisi, miezi mingine wako nyuma yetu saa moja. Ukimwambia mtu "nitakutafuta saa mbili usiku" sema saa mbili ya wapi.

7. Acha maelezo kwa mtu mmoja

Siyo kwenye grupu la familia, kwa mtu mmoja anayejua kupokea simu na haogopi kuongea Kiingereza, huyo ndo atawaambia wengine. Ndani yake kuwe na jina la boti kama lilivyoandikwa ubavuni, kampuni, namba ya ofisi ya nchi kavu inayopokewa usiku, tarehe ya kutoka na kurudi, njia, namba ya kabini yako, na bima ya kupiga mbizi pamoja na namba yao ya dharura. Kama una bima ya DAN (shirika la usalama wa wapiga mbizi) kadi yao ina namba, piga picha pande zote mbili. Na muhimu kuliko yote, mwambie lini anyamaze na lini aanze kuuliza. Mfano:

"Dada, kesho J5 jioni natoka Hurghada na boti (jina), kabini 4. Kuanzia Alhamisi sitapatikana, hakuna mtandao, USIOGOPE na mwambie mama asiogope. Jumatatu usiku tunarudi karibu na pwani nitatuma meseji. Kama mpaka Jumanne saa sita mchana saa za Dar hujasikia kitu, piga namba hii ya ofisi uulizie boti, siyo mimi. Wakikuambia boti iko salama basi simu yangu tu ndo imekufa. Bima picha hiyo hapo chini."

Unaona imempa siku, imempa saa, imempa namba ya kwanza ya kupiga. Watu wengi wanaandika "nikipata mtandao nitawatafuta", halafu nyumbani wanakaa siku nne wanaangalia tiki moja.

Kuna na msiba au mgonjwa nyumbani. Mkubaliane kabla, kama kuna jambo zito dada aipigie ofisi, ofisi inaweza kuiita boti kwa redio au setilaiti. Na uamue mwenyewe mapema jambo gani ungetaka uambiwe katikati ya bahari na lipi lisubiri, maana ukishaambiwa Daedalus huwezi kurudi leo, boti haigeuzwi kwa ajili ya mtu mmoja isipokuwa mgonjwa.

8. Kuonekana ukiwa majini

Hii watu hawaihesabu kama mawasiliano lakini ndo yenyewe. Brothers mkondo ukikuchukua kutoka kwenye mwamba, boti ya mpira inayokutafuta inaona kichwa tu kati ya mawimbi, yani haioni kitu. Boya lako la chungwa lipandishe ukiwa bado chini kwenye kituo cha kupumzika kabla ya kupanda juu, filimbi iwe imefungwa kwenye jaketi lako la kupigia mbizi siyo mfukoni, na tochi ubebe hata mchana. Kuna vifaa vidogo vya GPS vya kuita meli zilizo karibu, vinazuia maji hadi kina kirefu; kama boti inavyo wanakugawia, kama haina na una uwezo nunua, ila viulizie kibali kabla maana navyo ni redio. Na kabla ya daivu mwambie mtu namba yako ya daivu uliyopewa botini na uiweke alama kwenye ubao, ukirudi ifute mwenyewe, usimwachie mwenzio akufutie.

9. Siku ya kurudi

Siku ya mwisho huwa ni daivu moja au mbili asubuhi, halafu mnarudi bandarini. Ndege usipande siku hiyo, baada ya wiki ya daivu nyingi kila siku DAN wanashauri angalau saa 18, na boti nyingi zinakuambia 24, kwahiyo kata tiketi ya kesho yake mchana au jioni na ulale Hurghada. Mnara ukianza kushika meseji zitamiminika zote kwa pamoja, tuma kwanza kwa yule mmoja uliyemwachia maelezo, "nimefika niko salama", akishajibu ndo fungua magrupu. Na kama kabini yako ilikuwa na shida, kufuli kwenye tundu la dharura, king'ora kisicho na betri, iandikie kampuni siku hiyo hiyo na picha, kuna mtu mwingine anaingia kwenye kitanda hicho kesho jioni.